Kaunta za posta zikiboreshwa, nani atasimamia ukweli wa hesabu ya droo?

Mwanzisha uzi, Nakuru

Hamjambo nyote mnaofuatilia mambo ya Posta. Nilikaa nyuma ya dirisha la kaunta kwa miaka kumi na tisa hapa Nakuru, nikipokea na kulipa fedha za watu, kisha nikafungua kibanda cha uwakala wa fedha mtaani Free Area, ambacho ndicho kinachonilisha mpaka leo. Nimeyataja hayo ili msomaji ajue nazungumza kutoka upande gani wa dirisha. Jambo ninaloomba tulijadili ni usimamizi wa serikali juu ya kazi ya kuboresha kaunta za posta, na hapo simaanishi rangi ya kuta wala viti vya kungojea, bali mashine inayowekwa mezani mbele ya karani, na yule mwenye mamlaka ya kuuliza kama hesabu inayotoka ndani yake ni ya kweli.

Shirika la Posta la Kenya lilianza kujitegemea mwezi wa Julai 1999, lile shirika kubwa la posta na simu lilipogawanywa. Telkom ikaenda na simu, Posta ikabaki na barua, vifurushi na madirisha yake yaliyotapakaa kutoka miji mikubwa hadi vituo vya soko. Barua zikapungua mwaka hadi mwaka. Mwaka 2007 M-Pesa ikaingia, na mama aliyekuwa akipanga foleni ili atume fedha Busia akawa anazituma akiwa jikoni kwake. Novemba 2013 kituo cha kwanza cha Huduma, yaani mahali pa kupata huduma nyingi za serikali chini ya paa moja, kikafunguliwa katika jengo la Posta Kuu jijini Nairobi, na baadaye vituo kama hicho vikaingia katika majengo ya posta ya miji mingine. Dirisha la posta, kwa hiyo, limekwisha kubadilishwa kazi zaidi ya mara moja, na litabadilishwa tena, kwa kuwa ni mali ya umma iliyofika mahali pengi ambapo benki hazikuona faida ya kufika. Mimi nayaunga mkono mabadiliko hayo kwa moyo wote. Shaka yangu iko kwenye namna yanavyosimamiwa.

Uingereza imelipitia jambo hili kabla yetu, na kumbukumbu zake ziko wazi. Shirika lao la kaunta, Post Office Limited, ni mali ya serikali, na lilitenganishwa na Royal Mail, shirika la kupeleka barua, mwaka 2012. Mwaka huohuo walianza mpango mkubwa wa kuboresha matawi, uliomalizika 2018, ambapo matawi yapatayo 7,500 yalibadilishwa. Serikali ilikuwa imetenga pauni bilioni 1.34 mwaka 2010, na mwaka 2013 ikaongeza pauni milioni 640. Fedha hizo zilikuja na masharti yanayopimika: matawi yasipungue 11,500, na asilimia 99 ya wananchi wawe na tawi ndani ya maili tatu kutoka nyumbani. Masharti hayo ni mazuri, na ningefurahi kuona Bunge letu likiyadai ya namna hiyo kwa ajili ya watu wa Budalang'i au Kuresoi.

Lakini ndani ya matawi hayohayo ulikuwepo mfumo wa kompyuta uitwao Horizon, uliotengenezwa na kampuni ya ICL iliyokuwa chini ya Fujitsu, na uliosambazwa kuanzia mwaka 1999. Mfumo huo ulikuwa na kasoro zilizoweza kuonyesha upungufu wa fedha ambao haukuwepo. Wasimamizi wa matawi, ambao wengi wao si waajiriwa bali ni watu wenye maduka yao na mkataba na shirika, walidaiwa na shirika, kwa tafsiri yake ya mkataba huo, walipe kila upungufu. Baadhi ya walioshindwa walishtakiwa kwa wizi, ulaghai au kughushi hesabu. Kati ya 1999 na 2015 watu zaidi ya 900 walitiwa hatiani kwa kesi zilizotegemea takwimu za mfumo huo, na wengi wao walishtakiwa na shirika lenyewe, kwa kuwa sheria ya Uingereza na Wales inaruhusu mashtaka ya namna hiyo. Mlalamikaji, mpelelezi na mwendesha mashtaka walikuwa chini ya dari moja.

Yaani serikali ilipima umbali kutoka kijijini hadi mlangoni, ikahesabu milango, ila haikuingia ndani ikafungua droo. Hapo ndipo nataka tuanzie.

Mchangiaji, Kisumu

Mama, shikamoo, na ahsante kwa kulianzisha jambo hili. Mimi ni wakala hapa Kondele, na ninakubali kwamba kisa cha Uingereza kinatisha. Hofu yangu ni kwamba kitatumiwa kama kisingizio cha kutofanya lolote. Enzi za karatasi hazikuwa za malaika. Marehemu babu yangu alikuwa na kitabu cha akiba chenye mihuri mizuri kabisa, na bado siku moja aliambiwa kwamba leja ya ofisi haikubaliani na kitabu chake, akaenda na kurudi kwa miezi akitafuta haki yake. Mashine angalau hutoa risiti, na hukumbuka saa na dakika.

Tena, watu wanaoumia kaunta zinapochelewa kuboreshwa si wa mijini. Ni mzee wa Seme au Nyakach ambaye anatakiwa aje hadi mjini kufuata huduma ambayo ingeweza kutolewa kwenye dirisha lililo karibu naye. Tukidai kila jambo lithibitishwe kwanza, tutazeeka tukingoja. Naomba utueleze pia, Mama, kama umewahi kuliona tatizo hili wewe mwenyewe, au ni la huko Ulaya tu.

Mwanzisha uzi, Nakuru

Marahaba, mwanangu. Yaliyompata babu yako nayaamini, na sitaki turudi kwenye leja. Umeniuliza kama limenipata. Limenipata, na nitalisimulia bila kuitaja ofisi niliyokuwa nikifanyia kazi, kwa kuwa ninachokitafuta ni utaratibu, sikitafuti kisasi.

Ilikuwa Ijumaa ya mwisho wa mwezi, saa kumi na dakika arobaini jioni, foleni imefika mlangoni. Mama mmoja kutoka Njoro aliweka shilingi 4,300 kwenye akaunti yake. Nilizihesabu mara mbili kama ilivyo desturi: nne za elfu moja, moja ya mia mbili na moja ya mia moja. Nikaingiza kiasi, nikabonyeza, na mtandao ukakatika. Skrini ikabaki nyeupe. Uliporudi baada ya dakika mbili, muamala haukuonekana, kwa hiyo nikauingiza upya, risiti ikatoka, mama akaondoka. Jioni nilipofunga hesabu, mashine ilisema droo yangu ina upungufu wa shilingi 4,300. Nilihesabu mara nne. Nikatoa droo yote nje, nikapapasa nyuma yake kwa mkono, kwa maana noti huweza kukwama pale. Nikaomba nionyeshwe orodha ya miamala ya siku ile, nikaambiwa kwamba karani haruhusiwi kuiona. Msimamizi wangu, mtu mwema wala hakuwa na chuki nami, alinitazama akasema, "Mama, mashine haikosei." Kiasi hicho kikakatwa kwenye mshahara wangu kwa miezi miwili.

Wiki ya tatu yule mama wa Njoro alirudi mwenyewe, akiwa amekunja taarifa ya akaunti yake ndani ya kitambaa, akasema kuna fedha kwake zisizo zake. Muamala wa kwanza ulikuwa umepita wakati skrini ikiwa nyeupe, na wa pili ukapita juu yake. Kosa likasahihishwa kwenye akaunti yake siku ileile. Mimi nilirudishiwa fedha zangu mwezi wa nane, baada ya barua tatu, na kwenye jalada langu bado liliandikwa neno "uzembe". Angekuwa mteja asiye mwaminifu, ningebeba jina hilo na hasara yake pamoja, na pasingekuwa na mtu yeyote duniani wa kunishuhudia.

Sasa mlinganishe na yaliyompata Jo Hamilton, aliyesimamia tawi katika kijiji cha South Warnborough huko Hampshire. Alipiga simu kwa wasaidizi wa mfumo kuomba msaada juu ya upungufu wa pauni 2,000, na alipokuwa akifuata maelekezo yao, upungufu ukawa pauni 4,000 mbele ya macho yake. Alishtakiwa kwa wizi wa pauni 36,000, akakiri kosa la kughushi hesabu ili aepuke jela, na majirani zake wakamchangia fedha za kulipa. Hukumu yake ilifutwa na Mahakama ya Rufaa tarehe 23 Aprili 2021, pamoja na za wenzake, jumla yao watu 39. Wengi wa waliopiga simu kama yeye walisimulia kwamba waliambiwa ni wao peke yao wenye tatizo hilo. Mimi ninapolisoma hilo, moyo huniuma, kwa sababu najua hali ya kuambiwa uko peke yako jioni ile ukiwa na droo yako mkononi.

Kwa hiyo sidai kila jambo lithibitishwe kabla ya kuanza. Nadai karani na wakala waonyeshwe miamala iliyoandikwa kwa jina lao. Mashine inaikumbuka dakika, kama ulivyosema, na kumbukumbu hiyo ingeniokoa siku ileile laiti ningeruhusiwa kuisoma.

Mchangiaji, Kakamega

Mama wa Nakuru na ndugu wa Kondele, nimesoma kwa makini. Nilifundisha kwa muda mrefu, na baada ya kustaafu nimekuwa nikisaidia wafanyakazi kuandika malalamiko yao ya kazi, kwa hiyo naomba niongeze upande wa sheria, ambao naona una nguvu kuliko watu wanavyodhani, na una shimo moja.

Sheria ya Ajira ya mwaka 2007, kifungu cha 19, inamruhusu mwajiri kukata mshahara wa mtu aliyekabidhiwa fedha kwa mkataba, iwapo upungufu umetokana na uzembe au ukosefu wa uaminifu wake. Hayo ndiyo maneno ya kuyashika. Upungufu peke yake hautoshi, lazima sababu yake iwe mfanyakazi. Alichofanyiwa Mama ni kugeuza mpangilio huo: upungufu ukachukuliwa kuwa ndio ushahidi wa uzembe. Wakala, kwa upande wake, hana kinga hiyo, kwa kuwa yeye si mwajiriwa, na yote hutegemea mkataba ambao kwa kawaida huletewa ukiwa umekwisha kuchapishwa, atie saini au aondoke. Wale wa Uingereza walikuwa katika hali hiyohiyo. Kadiri kaunta za umma zitakavyohamishiwa kwa mawakala wenye maduka, ndivyo watu wengi zaidi watakavyotoka kwenye kinga ya kifungu cha 19.

La pili ni ushahidi. Uingereza ilikuwa na kifungu katika sheria yake ya mwaka 1984 kilichotaka anayeleta ushahidi wa kompyuta athibitishe kwamba kompyuta ilikuwa ikifanya kazi ipasavyo. Kifungu hicho kilifutwa kwa sheria ya mwaka 1999, wakati uleule mfumo wa Horizon ukianza kusambazwa, na tangu hapo mahakama ikawa inaichukulia kompyuta kuwa sahihi mpaka mshtakiwa aonyeshe vingine, jambo ambalo mwenye duka la kijijini hana uwezo nalo. Sisi katika Sheria ya Ushahidi tunacho kifungu cha 106B, kinachodai cheti kutoka kwa mtu mwenye wajibu juu ya kifaa kilichotoa kumbukumbu. Tunashukuru kwamba tunacho. Shimo liko hapa: anayetia saini cheti hicho huweza kuwa ofisa wa shirika lilelile linalomdai karani. Cheti kinasema kifaa kilikuwa kizima, na hakuna mtu wa nje aliyeutazama mfumo wenyewe.

Mwanzisha uzi, Nakuru

Mwalimu, nimekushukuru sana. Laiti ningelijua neno "uzembe au ukosefu wa uaminifu" mwaka ule, barua zangu zingekuwa na meno.

Ulilolisema kuhusu cheti linanirudisha kwenye usimamizi. Watu wengi hudhani kwamba Uingereza hapakuwa na wasimamizi, na hilo si kweli. Palikuwa na wizara, palikuwa na Bunge, na serikali, ikiwa ndiyo mwenye hisa pekee, ilikuwa na mwakilishi wake kwenye bodi ya shirika. Wabunge walikuwa wakipelekewa malalamiko na wapiga kura wao, na baadhi yao waliyafuatilia kwa bidii ya kweli. Lakini waziri alipoandikiwa, jibu lilikuwa kwamba uendeshaji wa kila siku ni wa shirika, na serikali haiuingilii. Barua hiyo ikatumwa kwa shirika, shirika likasema mfumo ni imara, na waziri akajibu kwamba shirika limesema mfumo ni imara. Alan Bates, msimamizi wa tawi huko Llandudno, Wales, aliyenyang'anywa mkataba wake mwaka 2003, ndiye aliyewakusanya wenzake hadi wakafika 555 na kwenda Mahakama Kuu. Desemba 2019 Jaji Fraser aliamua kwamba mfumo ulikuwa na kasoro na uliweza kusababisha upungufu. Ilichukua miaka ishirini, na kazi ya usimamizi ikafanywa na watu walioumizwa, kwa gharama yao wenyewe. Hukumu nyingi zilizobaki zilifutwa kwa sheria maalumu ya Bunge mwezi wa Mei 2024. Ripoti ya kwanza ya tume ya uchunguzi chini ya Sir Wyn Williams, iliyotolewa Julai 2025, ilisema kwamba huenda watu wasiopungua 13 walijitoa uhai kwa sababu ya mambo hayo. Naiandika namba hiyo kwa uzito mkubwa.

Kwetu mamlaka zipo. Ibara ya 229 ya Katiba inamtaka Mkaguzi Mkuu wa Hesabu za Serikali akague hesabu za mashirika ya umma ndani ya miezi sita baada ya mwaka wa fedha kuisha, na Bunge lichukue hatua ndani ya miezi mitatu baada ya kuipokea ripoti. Iko Kamati ya Bunge ya Uwekezaji wa Umma, ambayo tangu 2022 imegawanywa kuwa kamati tatu, na iko Mamlaka ya Mawasiliano inayotoa leseni za posta. Ninapofuatilia vikao vya kamati juu ya mashirika ya umma, nasikia maswali mazuri juu ya madeni, viwanja visivyo na hati, zabuni na malimbikizo. Sijasikia mbunge akimwuliza mkuu wa shirika: mwaka jana mlikata makarani shilingi ngapi kwa upungufu, na ni mara ngapi kosa lilikutwa kuwa la mtandao? Jibu la swali hilo lingeonyesha kasoro ya mfumo mapema kuliko ripoti yoyote ya mtaalamu, kwa sababu makarani thelathini wa miji tofauti hawawezi kuwa wazembe kwa kiasi kilekile, siku ileile mtandao ulipokatika. Uingereza takwimu hiyo ilikuwepo katika makabati ya shirika muda wote. Kila mmoja aliambiwa yuko peke yake, na waliokuwa na mamlaka ya kujumlisha hawakujumlisha.

Kwa hiyo, mwanangu wa Kondele, hilo ndilo ombi langu, nalo halimcheleweshi mzee wa Seme hata siku moja. Mashine ziwekwe. Ila taarifa ya upungufu wa kila kaunta, pamoja na sababu iliyokutwa, iende kwa Mkaguzi Mkuu kila mwaka na isomwe na kamati, na fedha za mtu zisiguswe kabla hajaonyeshwa muamala wenyewe.

Mchangiaji, Kisumu

Mama, hapo nimekubali, na ninayarudisha maneno yangu kuhusu kisingizio. Nilipofunga jioni hii nilijaribu kuitafuta orodha ya miamala yangu ya mwezi uliopita kwenye simu ya kazi, na nikaona kwamba inanionyesha siku saba tu. Nimefanya uwakala miaka sita bila kuligundua hilo. Sasa tuanzie wapi sisi wadogo? Kamati iko Nairobi, na nauli ya kwenda kusikiliza kikao ni floti yangu, yaani fedha ninazofanyia kazi ya uwakala, ya siku mbili.

Mchangiaji, Kakamega

Haihitaji nauli. Ibara ya 35 ya Katiba inampa kila raia haki ya kupata taarifa zilizo mikononi mwa serikali, na Sheria ya Upatikanaji wa Taarifa ya mwaka 2016 inaitaka ofisi ya umma ijibu ombi ndani ya siku 21, na ikihitaji muda zaidi isizidishe siku 14. Ombi huweza kuandikwa kwa Kiswahili. Ikikataa au ikikaa kimya, unapeleka malalamiko kwa Tume ya Haki ya Utawala. Andikeni barua fupi, msilalamike ndani yake, ulizeni takwimu tu.

Mwanzisha uzi, Nakuru

Nimeiandika jana usiku, Mwalimu, na nimeifupisha mara tatu kama ulivyoshauri. Nimeuliza kiasi cha upungufu uliorekodiwa katika kaunta kwa kila mwaka wa fedha kuanzia 2019, kiasi kilichokatwa kwa wafanyakazi na mawakala, na idadi ya mara ambazo upungufu ulikutwa baadaye kuwa ni kosa la mfumo au la mtandao. Nimeuliza pia kama karani ana ruhusa ya kuiona orodha kamili ya miamala yake, na kama kuna mkaguzi wa nje aliyewahi kuupima mfumo tangu uwekwe.

Nimeipeleka kwa mkono asubuhi hii, nikaomba nakala yangu igongwe muhuri wa tarehe. Yule binti wa dirishani aliisoma yote kabla ya kugonga, kisha akaniuliza kwa sauti ya chini kama anaweza kuipiga picha. Nimemruhusu. Siku ya ishirini na moja nitarudi hapa na jibu, au na nakala ya barua ya pili.